Karatasi za Mzee: Jinsi Dawa za Ugonjwa wa Sukari Zilivyobadilika

Mama mmoja mjane wa parokia yetu hapa Bukavu ana mkebe wa maziwa ya unga ambao haupiki wala haugawi. Ndani yake ameweka karatasi za dawa za marehemu mume wake, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1974 mpaka ya mwisho ya mwaka 2013. Mzee alikuwa karani katika mashamba ya kwinini, na karani hatupi karatasi. Siku moja ya mwezi wa Novemba 2024 mama huyo alituita nyumbani kwake jioni, akaumimina mkebe juu ya meza, akatuambia: «Mwalimu, wewe ulisoma seminari. Nisomee hizi, halafu uniambie kama waganga walimdanganya mzee wangu.»

Haikuwa hamu ya kujua mambo ya kale tu. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameanguka bila fahamu mwezi uliotangulia, akapelekwa hospitali, akaonekana ana ugonjwa wa sukari. Waganga walimpa sindano ya insulini tangu siku ya kwanza, wakasema atachomwa kila siku maisha yake yote. Basi nyumba ikagawanyika. Babu yake alimeza vidonge miaka thelathini na saba. Walipomwandikia sindano mwaka 2011, hakumaliza miaka miwili akazikwa. Na mtaani watu husema wazi: sindano ya sukari ni sindano ya kuaga. Baba mdogo wa mtoto alikuwa amekwisha kukata shauri, sindano ziachwe, na fedha zinunue vidonge vile vya babu, ambavyo havina maumivu na bei yake si kubwa. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, akisikiliza kila neno.

Sisi si waganga. Lakini tulimwomba baba mdogo asubiri, asiache hata sindano moja, mpaka tusome na kuuliza. Tuliuliza mganga mmoja mwenye saburi, tukasoma tulivyopata, nasi tukaona kwamba karatasi zile za mkebe zafuatana na historia ya dunia nzima. Ndiyo maana twaisimulia hapa, kwani nyumba yenye swali la mama huyo si moja katika parokia zetu.

Karatasi zenyewe ni hizi. Ya mwaka 1974 yasema klorpropamidi, kidonge kimoja kila asubuhi. Ya 1987 yaifuta ile, yaandika glibenklamidi. Toka mwisho wa 1996 mpaka 1999 hakuna karatasi hata moja. Ya 2003 yaongeza metiformini. Ya 2011 yasema insulini ya NPH, asubuhi na jioni. Mikono ni ya waganga mbalimbali, na kila mmoja ni kama amekanusha maneno ya mwenzake. Mtu akiziangalia hivi bila mwanga, atasema kweli: hawa walikuwa wakibahatisha.

Haya, tuanze mbali kidogo. Ugonjwa huu ni wa kale sana. Mganga Myunani Aretaios wa Kapadokia, katika karne za kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba nyama ya mgonjwa huyeyuka ikatoka kwa mkojo. Huko Uingereza, katika miaka ya 1670, Thomas Willis aliandika kwamba mkojo huo ni mtamu kama asali. Lakini dawa? Hapakuwa na dawa. Kilichoandikwa na waganga kwa karne nyingi kilikuwa chakula, au tuseme kukosa chakula. Mwaka 1797 John Rollo aliwalisha wagonjwa wake hasa nyama na mafuta. Wengine walitoa afyuni, ambayo haikuponya bali ilipunguza uchungu wa kufa. Mfaransa Apollinaire Bouchardat aliona jambo la ajabu wakati mji wa Paris ulipozingirwa na majeshi mwaka 1870 na 1871: watu walikuwa na njaa, na sukari ikatoweka katika mkojo wa wagonjwa wake. Toka hapo akawaambia wale kidogo iwezekanavyo.

Mmarekani Frederick Allen aliishika njia hiyo kwa ukali kupita wote, katika miaka iliyotangulia 1920. Wagonjwa wake walishindishwa njaa kwa mpango na kwa mizani. Msichana mmoja, Elizabeth Hughes, binti wa waziri mkubwa wa Marekani, aliugua mwaka 1919 akiwa na umri uleule wa mjukuu wa mama yetu. Kwa dawa ya njaa aliishi miaka mitatu, lakini alipofika miaka kumi na mitano alikuwa na kilo ishirini hivi tu. Mwaka 1901, huko Mengo katika Uganda, daktari Albert Cook wa misioni ya Waanglikana alikuwa ameandika kwamba ugonjwa huu ni haba, tena waua sana. Neno hilo fupi lawatosha wote wa zamani zile, weusi kwa weupe. Mtoto aliyepata sukari alikufa, huku kwetu na kwao pia.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1889 huko Strasbourg, pale Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomtoa mbwa kongosho lake. Kongosho ni kile kiungo kilaini kilalacho nyuma ya tumbo la chakula. Wachinjaji wetu wakijua. Yule mbwa akaanza kukojoa bila kikomo, na mkojo wake ukawa na sukari. Basi ikajulikana kwamba kongosho hutoa kitu kinachotawala sukari ya mwili. Mwaka 1909 Mbelgiji mmoja, Jean de Meyer, alikwisha kukipa kitu hicho jina la insulini, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amekishika mkononi. Twapenda jambo hili: jina lilitangulia miaka kumi na miwili kabla ya mwenyewe kufika.

Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na kijana Charles Best, katika maabara ya profesa Macleod, walikamua maji ya kongosho la mbwa, kisha la ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma mvulana Leonard Thompson, mwenye miaka kumi na minne, aliyekuwa amebaki ngozi na mifupa. Maji yale yalikuwa machafu. Yalimletea jipu, na sukari ikashuka kidogo tu. James Collip akayasafisha usiku na mchana, na tarehe 23 wakamchoma tena. Mara hiyo sukari ikashuka kweli. Leonard aliishi mpaka mwaka 1935. Elizabeth Hughes naye alianza sindano Agosti 1922. Aliolewa, akazaa, akafariki mwaka 1981.

Tulipofika hapo katika kumsimulia mama, alitukatiza: «Alichomwa miaka mingapi huyo?» Tukahesabu: karibu sitini. Mama akanyamaza. Baba mdogo akasema kwamba huyo alikuwa binti wa waziri. Alisema kweli, wala hatukuwa na la kumjibu siku ile.

Lakini na tuseme pia kwamba wagunduzi wale waliiuza hati ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, wakitaka dawa isishikwe na mtu mmoja. Ukiona bei ya chupa leo, utastaajabu jinsi dola zile zilivyozaa.

Miaka thelathini na zaidi insulini ilikuwa dawa peke yake. Kijana alipewa, mzee mnene alipewa, maana hapakuwa na nyingine. Ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Sindano zilikuwa za kioo, zikichemshwa kila mara, na ncha yake mgonjwa aliinoa mwenyewe kwenye jiwe. Dawa ilikwisha nguvu upesi, hata wengine walichomwa mara tatu na nne kwa siku. Mdenmark Hans Christian Hagedorn ndiye aliyetafuta njia ya kuipunguza mbio: mwaka 1936 aliichanganya na protini itokayo kwa samaki, na mwaka 1946 maabara yake ikatoa ile iliyo bora zaidi, NPH. Herufi ya mwisho, H, ni ya jina lake. Ni ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mzee mwaka 2011, ingawa siku hizo haikutoka tena kwa wanyama. Tangu 1982 huuzwa insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa na vijidudu vidogo vilivyofundishwa kazi hiyo.

Mwaka ule wa 1936 Mwingereza Harold Himsworth aliandika jambo ambalo wengi hawakulitia maanani. Alisema: magonjwa haya ni mawili. Wako wagonjwa ambao miili yao husikia insulini mara moja, hasa vijana na wembamba. Wako na wengine, hasa watu wazima na wanene, ambao miili yao haisikii vizuri. Jina ni moja, mkojo ni mtamu kwa wote wawili, lakini ndani si kitu kimoja. Msomaji ashike neno hili, kwani fundo la nyumba ile lilikuwa hapo.

Sasa twafika kwenye vidonge, na hadithi yake yaanza kwa msiba. Mwaka 1942, wakati wa vita kubwa, mganga Marcel Janbon wa Montpellier katika Ufaransa alikuwa akiwatibu watu wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya sulfa. Watu walikuwa wenye njaa, maana chakula kilikuwa cha kugawiwa. Baadhi yao walianza kutetemeka na kupoteza fahamu, wengine wakafa. Kumbe dawa ilikuwa imeshusha sukari ya damu yao kupita kiasi. Mwenzake Auguste Loubatières akajiuliza: kama dawa hii hushusha sukari ya mtu mzima, je, haiwezi kumfaa mwenye sukari nyingi? Akaijaribu kwa mbwa. Mbwa mwenye kongosho, sukari ilishuka. Mbwa aliyeondolewa kongosho lote, hakuna kilichotokea hata kidogo.

Tulirudia maneno hayo mara mbili mbele ya baba mdogo. Kidonge hiki si insulini. Chaliamsha kongosho litoe insulini yake. Tukamwambia kwa mfano wa mashamba ya kwinini, ambayo yeye pia aliyajua utotoni: kidonge ni kengele ya asubuhi. Mfanyakazi aliyechoka au mvivu, kengele itamwamsha, atakwenda shamba. Mfanyakazi aliyekufa, hata ukipiga kengele mpaka ipasuke, hataamka. Kongosho la mzee wako lilikuwa limechoka. La binti huyu, kwa kazi hiyo, limekufa. Basi ukimpa kidonge cha babu, utapiga kengele juu ya kaburi, na mtoto atakufa kama walivyokufa watoto wote kabla ya 1922.

Hatukusema hivyo kwa upole, nasi twaungama. Mtoto alikuwa palepale.

Vidonge vyenyewe vilianza kuuzwa Ujerumani: karbutamidi mwaka 1955, tolbutamidi mwaka 1956, na baada kidogo klorpropamidi. Furaha ilikuwa kubwa mno. Wazee waliokuwa wakichomwa bila lazima waliacha sindano. Ndipo desturi ikageuka duniani kote: kwanza kidonge, na sindano iwe ya mwisho. Kwa mzee yule wa mashamba, mtu mzima mwenye tumbo, karatasi ya 1974 haikuwa kosa. Ilikuwa dawa ya wakati wake, tena yenye nguvu, kwani kidonge kimoja cha klorpropamidi hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mama alikumbuka kwamba miaka ile mume wake hakuweza tena kunywa kasiksi, kwa sababu uso ulimwaka moto toka kikombe cha kwanza. Jirani walisema amelogwa. Kumbe hilo ni jambo lijulikanalo la klorpropamidi ikikutana na pombe, limeandikwa vitabuni. Mama alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile. «Basi nilimshtaki shangazi yake bure,» akasema.

Karatasi ya 1987 haina mengi. Glibenklamidi, iliyotoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambayo wengi waijua kwa jina la Daonil, ni ya ukoo uleule wa kengele, ila kipimo chake ni kidogo sana. Ilienea Afrika nzima kwa kuwa ni rahisi. Lakini urahisi wake una meno. Kidonge hiki hakijui kama umekula. Kitaliamsha kongosho hata kama sufuria ni tupu, na sukari itashuka mpaka mtu aanguke. Tulimwona mzee mmoja, siku ya Ijumaa Kuu, aliyemeza kidonge chake alfajiri kama kawaida, akafunga, akafuata Njia ya Msalaba juani, akaanguka kwenye kituo cha tisa. Watu walidhani ni ibada. Maji yenye sukari ndiyo yaliyomwinua. Na hapa tuseme wazi kama katekista: sheria ya kufunga haimbani mgonjwa, tena aliyepita miaka hamsini na tisa habanwi hata akiwa mzima. Mwaka 2013 Shirika la Afya la Ulimwengu liliweka gliklazidi katika orodha yake ya dawa za lazima, likaonya kwamba glibenklamidi haiwafai waliopita miaka sitini. Lakini kwenye maduka yetu madogo ya dawa bado yauzwa kwa wazee bila swali.

Kuhusu ile nafasi tupu ya 1996 mpaka 1999, hakuna haja ya maneno mengi kwa watu wa Bukavu. Oktoba 1996 ndio mwezi tuliompoteza Askofu Mkuu Munzihirwa. Mzee alikimbia na jamaa yake kwa miguu, akarudi, akaishi kwa mizizi michungu na kwa bahati. Mama asema sukari ilikuwa kama imepona, maana walikonda wote. Bouchardat aliona hayo Paris.

Karatasi ya 2003 yaleta dawa ya namna nyingine kabisa. Metiformini haipigi kengele. Hulizuia ini lisimwage sukari katika damu, na kuufanya mwili usikie insulini iliyopo. Ndiyo maana peke yake ni vigumu imwangushe mtu. Asili yake yarudi kwenye mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao ukiliwa na kondoo waweza kuwaua. Wanakemia wa Dublin waliitengeneza mwaka 1922, mwaka uleule wa Leonard Thompson, kisha ikasahauliwa. Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyewapa wagonjwa wa sukari na kutangaza habari zake mwaka 1957, akiipa jina la Glucophage, maana yake mla sukari. Ajabu ni kwamba Marekani haikuiruhusu mpaka mwisho wa 1994. Ndugu yake, fenformini, ilikuwa imeua watu kwa kuitia damu yao asidi, ikapigwa marufuku huko mwaka 1977. Na mwenye kuumwa na nyoka huogopa kamba.

Kilichoiweka metiformini mbele ya vidonge vyote ni kazi kubwa ya Waingereza. Tangu mwaka 1977 waliwafuata wagonjwa wapya 5,102 wa aina ya pili, wakawagawia dawa mbalimbali, wakawangoja miaka ishirini. Mwaka 1998 walitoa hesabu. Waliotawala sukari vizuri walipata maradhi machache ya macho na figo. Wanene waliopewa metiformini walikufa wachache zaidi kuliko wenzao walioshika chakula peke yake. Toka hapo, miaka michache tu, waganga wa nchi nyingi waliiandika kwanza. Karatasi ya mzee ya 2003 ilikuja miaka mitano baada ya hesabu ile. Kwa mji uliokuwa ukitoka vitani, hatuoni kwamba ni kuchelewa.

Lakini hesabu ileile ilionyesha jambo jingine, na hili ndilo mama alikuwa akilitafuta bila kulijua. Hata mgonjwa mtiifu, mwenye kumeza kila siku, kongosho lake huendelea kuchoka mwaka hata mwaka. Vidonge vilivyotosha jana havitatosha kesho. Basi mganga akiandika sindano baada ya miaka mingi, si kwamba mgonjwa amekosa, wala si kwamba kifo kimeitwa. Kengele imepigwa mpaka mwisho wake.

Mwaka 2011 mzee aliambiwa achomwe insulini, akakataa miezi minane. Aliwajua watu watatu waliochomwa wakafa. Alikuwa na haki ya kuogopa, maana alichokiona ni kweli. Ila alikisoma kinyume. Watu wale hawakuuawa na sindano. Walipewa siku figo zilipokwisha, mguu ulipooza, kwa kuwa desturi iliiweka sindano mwisho, na umaskini ukaisukuma mbele zaidi. Hata watumishi wa afya wana sehemu yao. Sisi wenyewe tulimsikia mmoja, katika dispensari fulani, akimwambia mama mnene: «Usipofuata chakula, nitakuandikia sindano!» Kama vile fimbo. Ukilifanya jambo kuwa adhabu, nani atalipokea kama dawa? Mzee alipokubali, kidonda cha kisigino kilikuwa kimefika mfupani. Walimkata mguu. Alifariki mwaka 2013.

Basi jibu tulilompa mama lilikuwa hili: hapana, hawakumdanganya. Kila mmoja aliandika alichokijua mwaka ule. Lakini hakuna aliyemweleza kwa nini karatasi zabadilika, na hilo tuliona ni deni.

Wasomaji wengine watauliza: je, sisi wa Kivu, tulio wembamba na wenye kula bugali wa muhogo, tumo katika aina ya kwanza au ya pili? Ni swali jema kuliko linavyoonekana. Tangu miaka ya 1950 waganga wa Jamaika na Indonesia walieleza vijana wakonde wenye sukari waliokulia njaani. Mwaka 1985 Shirika la Afya la Ulimwengu liliwapa fungu lao, ugonjwa wa sukari utokanao na utapiamlo. Mwaka 1999 likalifuta, kwa kuwa ushahidi ulionekana hautoshi. Muhogo ulituhumiwa, kama ulivyotuhumiwa katika rovu za watu wa Idjwi, ambazo zilichunguzwa sana toka miaka ya 1960. Kwa rovu ushahidi ulipatikana, pamoja na ukosefu wa iodini. Kwa sukari haukuthibitika. Hata hivyo wagonjwa hawakufutika pamoja na fungu lao. Mwaka 2022 watafiti wa Vellore, India, na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba vijana hao wana insulini kidogo, lakini miili yao huisikia vizuri. Na mwezi wa Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likawatambua tena kwa jina la aina ya tano. Kwa mwandika dawa hili si neno la vitabu. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa insulini nyingi kama ya wengine, na nyumbani hakuna chakula, yaweza kumwua. Mahali penye njaa kama petu, mganga sharti aulize kwanza: umekula nini jana?

Dawa mpya zinazidi kutokea. Mwaka 2021 orodha ya dawa za lazima ilipokea insulini za kukaa muda mrefu na vidonge vya kutoa sukari kwa mkojo. Mwaka 2025 ikapokea zile sindano za juma kwa juma ambazo matajiri hujikondesha nazo. Hatutasema mengi juu yake. Insulini yenyewe imo katika orodha hiyo tangu ya kwanza ya mwaka 1977, na bado kuna watu wa mitaa yetu wanaoikosa. Mji wetu umejulikana duniani kwa kwinini ya Pharmakina, iliyoponya malaria ya mbali. Insulini yetu hutoka ng'ambo, chupa kwa chupa.

Chupa ya kawaida ina mililita kumi, ndiyo vipimo 1,000. Mtu mzima wa vipimo arobaini kwa siku huimaliza siku ya ishirini na tano. Mtoto yule, wa vipimo ishirini, angeweza kuitumia siku hamsini. Lakini chupa ikifunguliwa huambiwa itupwe baada ya majuma manne hivi. Nani atatupa nusu ya chupa? Hesabu hiyo ndiyo iliyomshinda baba mdogo zaidi ya hofu yake, naye alituambia baadaye. Juu ya baridi, tuna nafuu: Bukavu ni mita 1,500 hivi juu ya bahari, na nyumba zetu si moto kama za Uvira. Waganga Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, waliandika mwaka 2021 habari za kambi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya: walipima joto la nyumba za wakimbizi, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaona insulini iliyokaa katika joto hilo majuma manne haikupoteza nguvu. Basi asiye na friji asiambiwe kwamba mtoto wake hawezi kuchomwa nyumbani. Mama alinunua chungu kidogo, akakitia ndani ya kikubwa chenye mchanga wa maji, akakiweka pembeni mbali na moto.

Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, benki zilifungwa, uwanja wa Kavumu ukasimama, na maduka mengi yakawa na kufuli. Ndani ya chungu palikuwa na chupa moja, imebaki chini ya nusu. Mtoto alipunguza vipimo vyake mwenyewe bila kumwambia mtu, ili idumu. Koko yake alimgundua siku ya tatu, kwa kuwa alikuwa akinywa maji usiku. Baba mdogo, yuleyule wa vidonge, alivuka Ruzizi mpaka Kamembe, akarudi jioni na chupa mbili kifuani, chini ya shati, kama mtu aliyebeba mayai. Risiti aliitoa mfukoni akataka kuitupa. Mama akamnyang'anya, akainyoosha kwa kiganja, akaitia ndani ya mkebe.